Deni Lako Lina Mwandishi



Sifa njema zote ni za Allah, Subhanahu wa Ta'ala, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ndugu zangu katika imani, wa kiume na wa kike, ninaiusia nafsi yangu na ninawausia ninyi kumcha Allah. Na leo ucha Mungu huo tuupeleke mahali ambapo wengi wetu hatuupeleki: kwenye simu, kwenye ile menyu ya mikopo.

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (R.A.) kwamba lililetwa jeneza ili Mtume (S.A.W.) aliswalie, akauliza kama maiti anadaiwa. Wakasema hadaiwi, akamswalia. Likaletwa la pili. Huyu alikuwa anadaiwa lakini ameacha dinari tatu, akamswalia. Likaja la tatu: anadaiwa dinari tatu na hakuacha kitu. Mtume akawaambia wamswalie wenyewe mwenzao. Hapo Abu Qatada (R.A.) akasema deni lile liko juu yake yeye, ndipo Mtume akamswalia.

Dinari tatu tu. Mtu amekwisha kufa, hawezi kujitetea, na swali lililoulizwa juu yake halikuwa la swala zake wala funga zake. Lakini tusikisome kisa hiki nusu. Baadaye, Allah alipowafungulia Waislamu riziki, Mtume (S.A.W.) alitangaza kwamba muumini akifa na deni bila kuacha cha kulipia, yeye ndiye atakayelilipa. Aliyekuwa akiuliza ndiye aliyekuja kubeba.

Siku hizi swali lile limehamia kwenye dirisha la benki. Nenda benki yoyote hapa mjini Mbarara uombe mkopo wa pikipiki ya bodaboda, au wa kulipia muhula. Kabla ofisa hajaamua, sheria inamtaka ajue kama unadaiwa, na wapi, na unalipaje. Wala hatosheki na jibu lako. Anaiuliza ofisi ya kumbukumbu za mikopo, ile ambayo watu wanaiita kwa herufi zake tatu tu: CRB.

Wengi wetu tunaizungumzia CRB kama gereza. "Fulani amewekwa CRB." Ukweli ni kwamba CRB ni daftari. Kila benki, na kila taasisi ya mikopo iliyo chini ya Benki Kuu ya Uganda, inapeleka huko habari za wakopaji wake: jina na namba ya kitambulisho, kiasi alichokopa, kiasi kilichobaki, siku alizochelewa. Aliyelipa vizuri anaandikwa na aliyechelewa anaandikwa. Kutokana na maandishi hayo hupigwa hesabu ikatoka alama, na mwenye alama ya juu anahesabiwa kuwa si wa kutiliwa shaka sana. CRB yenyewe haimpi mtu mkopo wala haimnyimi. Inasema ilichoambiwa, na anayeamua ni mkopeshaji.

Hapa Uganda daftari hili si la zamani. Mwaka 1998 na 1999 benki kadhaa zilifungwa, zikiwemo Greenland na ile ya Ushirika, na mikopo isiyolipwa ilikuwa sehemu ya maradhi yao. Mtu aliweza kukopa huku asilipe, akavuka barabara akakopa kule, na benki ya pili isijue lolote. Sheria ya Taasisi za Fedha ya 2004 ikaweka msingi, kanuni zikatoka 2005, na mwaka 2008 kampuni ya Compuscan kutoka Afrika Kusini ikaanza kazi. Nchi ilikuwa bado haina kitambulisho cha taifa (usajili wake mkubwa ulianza 2014), kwa hiyo mkopaji alichukuliwa alama za vidole na kupewa kadi maalumu ya fedha ili asijigeuze jina. Mwaka 2015 ikaingia Metropol, na baadaye gnuGrid, ambayo ni ya Waganda wenyewe.

Sasa fungueni Suratul Baqara, aya ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kitabu cha Allah, na haizungumzii Pepo wala Moto. Inazungumzia kuandika madeni. Inatuamrisha tuliandike deni lenye muda, aandike mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Inasema pia kwamba mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Wafasiri wengine wameisoma sehemu hiyo upande wa pili: mwandishi asidhuru, yaani asiandike lisilokuwa kweli. Lugha ya Kiarabu inakubali maana zote mbili, na sisi tunazihitaji zote mbili.

Kuna jambo moja katika aya hiyo ambalo nataka mlitazame vizuri. Ni nani anayemwambia mwandishi la kuandika? Ni mdaiwa. Yule ambaye haki iko juu yake ndiye anayetaja maneno, amche Allah wala asipunguze kitu. Akiwa hawezi, msimamizi wake anamtajia kwa uadilifu. Katika CRB mambo yamegeuka: anayetaja ni mkopeshaji. Mdaiwa hayupo pale. Mara nyingi hata hajui kwamba kuna kitu kimeandikwa, mpaka siku anapokataliwa.

Ndiyo maana haki ya kuiona taarifa yako ya mikopo na kuipinga ikiwa na kosa ni jambo kubwa. Hiyo ndiyo sehemu ya sauti ya mdaiwa iliyobaki. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inampa mtu haki ya kujua habari zake zinazotunzwa na kutaka zirekebishwe zikiwa si sahihi. Makosa yenyewe ni ya kawaida: deni ulilolimaliza bado linaonekana liko wazi, mkopo usioujua umeandikwa kwa namba yako, au habari za mtu mwingine zimeingia kwako kwa kufanana majina. Na sisi ambao kila darasa lina akina Muhammad wanne na Fatuma watano tungepaswa kuwa wa kwanza kwenda kuangalia. Ukilipa deni, omba barua kwamba umelimaliza, uihifadhi. Usiseme "tunaaminiana". Aya ingetosha kusema tuaminiane, lakini ilisema tuandike.

Najua lipo swali ambalo ndugu wengine huliuliza: je, kupeleka habari za deni la mtu si kusengenya? Allah amekataza dhana mbaya, upekuzi na usengenyaji katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Swali ni zuri, na jibu lake liko katika hadithi ya Fatima bint Qays (R.A.) aliyoipokea Imam Muslim. Alimjia Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri juu ya wanaume wawili waliomposa, Muawiya na Abu Jahm. Mtume akamweleza wazi: huyu hana mali, na yule haweki fimbo yake chini. Yalikuwa ni mambo ambayo wenyewe wasingependa yasemwe. Lakini aliyeuliza alikuwa na haja ya kweli, alikuwa anataka kuingia katika mkataba mzito, na alichoambiwa kilikuwa kweli na hakikuzidi haja yake. Imam Nawawi ameifanya hadithi hii kuwa miongoni mwa dalili za sehemu sita ambazo kumtaja mtu kwa asilolipenda kunaruhusiwa.

Ipo na nyingine iliyo karibu zaidi na suala letu, imepokewa na Abu Dawud na Nasai: mwenye uwezo wa kulipa anapochelewesha kwa makusudi, hilo linahalalisha heshima yake na adhabu yake. Wanavyuoni wameeleza kwamba kuhalalika kwa heshima yake ni aliyemkopesha kusema, "Huyu amenichelewesha." Hiyo ndiyo CRB nzima kwa ufupi. Ila shikeni neno "mwenye uwezo", kwa sababu aya ya 280 ya Suratul Baqara inamzungumzia mdaiwa wa aina nyingine kabisa, aliyebanwa na dhiki. Huyo haki yake ni kupewa muda mpaka apate nafuu, na kumsamehe ni bora zaidi.

Na hapa ndipo daftari hili lilipo dhaifu. Linajua kuhesabu siku, halijui dhiki. Ukichelewa siku 40 kwa sababu pesa ulizipeleka kwenye kamari ya mpira, na mwenzako akachelewa siku 40 kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa, nyote mtaandikwa 40. Mwenye kujua tofauti ni mkopeshaji, kama ameambiwa. Kwa hiyo ukiona mambo yanakubana, nenda kabla ya tarehe. Usizime simu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na madeni, na alipoulizwa kwa nini, alieleza kwamba mtu akidaiwa husema akadanganya na huahidi akavunja ahadi. Kuzima simu ni mlango wa hayo yote mawili.

Majirani zetu wa Kenya wameliona tatizo hili kwa ukubwa wake. Mikopo ya simu iliingia kwa kasi, watu wakaandikwa kwa madeni ya shilingi mia kadhaa, na kijana anayeomba kazi akawa anadaiwa cheti cha CRB kabla ya kuulizwa cheti cha shule. Aprili 2020 kanuni mpya zikakataza kumwandika mtu kuwa mlipaji mbaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000 za huko, na Benki Kuu yao ikawazuia wakopeshaji wa mitandaoni wasiosimamiwa kupeleka majina. Novemba 2022 ikatangaza mpango wa kuwapa nafuu wakopaji wa simu zaidi ya milioni 4.2: benki zisamehe angalau nusu ya deni, na mtu apewe muda wa kulipa lililobaki. Zilikuwemo siasa ndani yake, sawa. Lakini kumpa muda aliyebanwa na kumsamehe sehemu ndiyo aya ya 280, hata kama aliyeandika mpango hakuisoma.

Tusichanganye hayo na zile programu za mikopo zinazonyonya namba zote zilizomo kwenye simu yako, kisha ukichelewa zinampigia mjomba wako, imamu wako na mpenzi wako wa zamani kuwatangazia. Hiyo si CRB. Huo ni upekuzi na usengenyaji bila shaka yoyote. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni moja ya namna hiyo faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya. Ukiombwa ruhusa ya kufungua orodha ya namba zako ili upewe elfu ishirini, jua kwamba heshima za watu wengine ndizo unazoziweka rehani, na hukuwauliza.

Sasa tuje kwenye fitna ambayo naisikia kwenye vyumba vya kupanga huku Ruti na kwenye hosteli. Inasemwa hivi: "Kopa kidogo kidogo kwenye simu, ulipe haraka, hata kama huna shida. Unajijengea jina. Ukimaliza chuo benki zitakukimbilia." Anayeshauri ni rafiki mwema, na hesabu yake ya kidunia si ya uongo. Mtu aliyekopa na kulipa mara nyingi huonekana vizuri kuliko ambaye hajawahi kukopa. MoKash, kwa mfano, iliyoanza 2016, ni ya MTN pamoja na benki, kwa hiyo deni lake ni deni la benki na linaweza kuandikwa, hata likiwa la shilingi elfu chache.

Lakini CRB inaandika kama ulilipa. Haiandiki kama ulicholipa kilikuwa halali. Mtu anaweza kuwa na alama safi kabisa ambayo kila tone lake ni riba. Na wala tusijifiche nyuma ya neno "ada". Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jidda, iliamua mwaka 1986 kwamba mkopeshaji anaweza kutoza gharama halisi za huduma ya mkopo, na kinachozidi gharama halisi ni riba. Ada inayopanda kadiri mkopo unavyopanda, ukiongeza muda inatozwa tena, si gharama ya karatasi. Tunajua ni nini. Allah ametangaza vita juu ya riba katika aya ya 279, na sijui dhambi nyingine ya mali iliyozungumziwa kwa ukali huo.

Mwenye dharura ya kweli, mgonjwa yuko Hospitali ya Rufaa na dawa haipo, ana hukumu yake, naye aende kwa mwanachuoni amweleze hali yake. Simzungumzii huyo. Ninamzungumzia mwenye afya, mwenye chakula, anayekopa kwa riba bila shida ili aonekane mzuri mbele ya benki ambayo huenda hataihitaji. Huyo ananunua sifa kwa bei asiyoiweza.

Je, njia nyingine ipo? Ipo, ingawa bado ni nyembamba. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Taasisi za Fedha ikaruhusu benki za Kiislamu, na Septemba 2023 Salaam Bank ikawa ya kwanza kupewa leseni hiyo. Anayenunuliwa bidhaa kwa murabaha akailipa kwa awamu anadaiwa kama mdaiwa mwingine yeyote. Lakini kuna ndugu wanaodhani kwamba kwa kuwa mkataba ni wa halali na mwenye benki ni Mwislamu, kuchelewa kunasameheka. Benki ya Kiislamu iko chini ya Benki Kuu ile ile. Na mbele ya Allah jambo hilo ni zito zaidi: aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, na huo ndio mkataba ambao hatuna cha kuulaumia.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike mawaidha haya, nalo linawahusu hasa ndugu zetu waliokulia Nakivale, na sisi wenyeji tunaoishi nao.

Nakivale imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo kuna Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, na soko la Base Camp linazungumza Kiswahili. Kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kwa mkimbizi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Watu wakafanya walivyoweza: wakamwomba jirani raia, au mwenye duka, au mwanafunzi mwenzao, awasajilie kwa kitambulisho chake. Ilikuwa ihsani, na Allah awalipe waliosaidia. Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilielekeza kwamba kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu vinatosha kusajili laini. Lakini laini za zamani zingali mifukoni mwetu, kwa sababu namba hiyo ndiyo anayoijua mama aliyebaki Bukavu, na ndiyo yenye pesa za simu.

Sasa tuseme kijana wa mwaka wa pili ana laini ya namna hiyo. Menyu inamwambia anastahili mkopo wa shilingi laki moja. Anabonyeza. Deni linaandikwa kwa nani? Si kwake. Linaandikwa kwa yule mwenye kitambulisho, mama anayeuza ndizi Kabingo, asiyejua kwamba amekopa. Kijana akichelewa, ni mama huyo atakayeambiwa na benki siku moja kwamba jina lake ni chafu. Atashangaa, ataapa, na hawataamini, kwa maana namba ni yake na kitambulisho ni chake. Ndugu zangu, hii ni dhulma, na haiwi ndogo kwa sababu aliyedhulumiwa hajajua. Alikupa jina lake kama amana ili uongee na wazazi wako. Hakukupa ulikopee.

Na ukilipa vizuri je? Hapo nawe unajidhulumu. Miaka minne ya uaminifu wako inaandikwa kwa jina la mwingine, na wewe utakapomaliza chuo daftari litasema halikujui. Mwenye kuweza kusajili laini kwa jina lake mwenyewe asajili, hata kama ni kwenda foleni asubuhi nzima. Kabla ya hapo, kama uliwahi kukopa kwa jina la mtu bila idhini yake, nenda ukamwambie na umalize deni hilo kwanza. Toba ya haki za waja haikamiliki msikitini peke yake.

Ninyi wenyeji mnaotoa vitambulisho, nanyi mna fungu lenu. Kumsajilia mtu laini, au kuweka sahihi kuwa mdhamini wake kwenye SACCO, si kumpa lifti. Mtume (S.A.W.) amesema mdhamini ni mlipaji, hadithi hiyo wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Abu Qatada aliposimama pale kwenye jeneza alijua alichokisema, na imepokewa kwamba Mtume aliendelea kumuuliza mpaka alipolipa. Simama ukiwa unaweza. Usipoweza, kusema "siwezi" si ukosefu wa udugu.

Wapo pia wanaongojea safari. Kila mwaka baadhi ya jamaa zetu wa Nakivale wanaitwa kwenda kuishi nchi nyingine, ikiwemo Marekani hadi Januari 2025. Furaha ya tiketi inawasahaulisha watu mengi, likiwemo deni la simu lililobaki kwenye laini ya jirani, deni la dukani kwa Msomali, na zamu ya kikundi cha akiba ambayo mtu amekwisha kuchukua lakini hajamaliza kuchangia. Faili la CRB la Uganda kwa kawaida halivuki Entebbe. Deni linavuka. Imam Muslim amepokea kwamba shahidi aliyekufa katika njia ya Allah husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Basi sisi wenye viza tutasemaje?

Tena wajue kwamba waliokwenda Marekani walikutana na daftari kubwa zaidi. Mkimbizi aliyepelekwa Marekani kwa kawaida alikopeshwa nauli ya ndege kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na mkopo huo hauna riba. Alianza kuulipa miezi kadhaa baada ya kufika, na malipo yake huripotiwa kwa ofisi za mikopo za huko. Kwa wengi hicho ndicho kitu cha kwanza kuandikwa juu yao katika nchi hiyo. Hebu fikirini: mkopo usio na riba, unaoandikwa kwa jina lako halisi. Mwislamu anapewa mwanzo safi namna hiyo, kisha tunasikia kuna wanaosema "ile ya IOM usilipe, hawatakufanya kitu." Bora wenu, amesema Mtume (S.A.W.), ni wale walio bora katika kulipa. Hakusema wale wanaoogopa kufanywa kitu.

Mwisho, kuna ndugu ambao hawamo katika daftari lolote, na si kwa kosa lao. Mkopo wa serikali wa elimu ya juu ni wa raia. Mwanafunzi mkimbizi asiyepata ufadhili kama ule wa DAFI anategemea mama mwenye kibanda na kikundi cha akiba chenye sanduku la kufuli tatu. Kikundi hicho kina kitabu, kinaandika kila Jumamosi, na kwa maoni yangu kinafuata aya ya 282 kuliko benki nyingi, kwa sababu mdaiwa yupo pale pale na anasikia kinachoandikwa.

Jumuiya yetu inaweza kufanya jambo kama hilo. Tunachanga kwa ajili ya Idd, tunachanga kwa ajili ya misiba. Tuchange pia mfuko wa karadha njema kwa ajili ya ada na mitihani, bila nyongeza ya hata shilingi moja, na tuuandike: kiasi, tarehe, mashahidi wawili, mdaiwa mwenyewe ataje. Nimesikia hoja kwamba kuandikiana ni kutoaminiana na kwamba ndugu wataona haya. Kinachoua mifuko ya namna hii ni hiyo haya. Watu wanakopeshana kwa mdomo nyuma ya msikiti, mmoja anasahau, mwingine anaona aibu kukumbusha, na baada ya muhula mmoja hawapeani salamu. Na yule atakayebanwa kweli, zaka ina fungu la wenye madeni katika Suratut Tawba, aya ya 60. Wenye zaka mjini wapo. Tuwafuate tukiwa na kitabu kilichoandikwa vizuri mkononi.

Kikao cha kupanga mfuko huu kitakuwa baada ya swala ya Ijumaa ijayo, palepale msikitini, inshaallah. Anayekuja aje na daftari na kalamu. Na mwenye laini isiyo ya jina lake aje nayo pia, tumpeleke kwa wakala pamoja.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.